Saratani ya Umio: Nuru Hii Itamfikia Nani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa uuguzi na walimu wao.)





Mimi si daktari, wala sikuja hapa kuwafundisha kazi ambayo walimu wenu wanaijua kuliko mimi. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja la sayansi ya miaka hii, nalo ni matumizi ya chembe ndogo mno zing'arazo katika kuitafuta saratani ya umio, yaani saratani ya ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Swali ambalo ningependa tuliulize pamoja ni hili: Je, nuru hiyo ikishawashwa, itamfikia nani, na itamfikia lini?

Tuanze na mgonjwa. Chukueni mfano wa mkulima mmoja wa makamo. Siku moja pande la nyama linamkwama kifuani. Anakunywa maji, linashuka, naye anasema kuwa alikula kwa pupa. Baada ya wiki kadhaa ugali nao unakataa kushuka mpaka usindikizwe na maji. Anaacha ugali, anahamia kwenye wali laini. Wali nao unamshinda, anahamia kwenye uji. Nyumbani wanamwambia kuwa ni vidonda vya tumbo, na dukani wanamuuzia dawa ya vidonda vya tumbo. Wengine wananong'ona kwamba amelishwa kitu na mbaya wake. Mwishowe hata mate yake mwenyewe hayapiti, nguo zimempwaya, na ndipo jamaa zake wanapouza mbuzi ili apelekwe hospitali. Huko daktari anampitishia kooni mpira mwembamba wenye taa na kamera, wala hana haja ya kutafuta sana. Uvimbe umeziba njia na unaonekana waziwazi. Kuugundua ugonjwa wakati huo ni rahisi. Kuuponya ndiko kugumu.

Kwa nini mtu huyu amechelewa? Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, nao ni mrija wa misuli unaotanuka. Kutanuka huko ndiko kunakomdanganya mwenye nao, maana chakula huendelea kupita kando ya uvimbe kwa muda mrefu, na siku kinapoanza kukwama, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Aidha, umio hauna lile gamba la nje linalofunika utumbo. Kwa hiyo saratani ikishapenya ukuta wake, haina umbali wa kwenda kabla ya kuwafikia majirani: bomba la hewa, tezi za limfu, na mshipa mkuu wa damu.

Mgonjwa aliyefikia hali hiyo mara nyingi hubakiwa na msaada wa kuwekewa bomba la waya linalotanua njia ili aweze kumeza, au kupigwa mionzi ili maumivu yapungue. Huo ni msaada wa lazima na tusiudharau, lakini si uponyaji. Kinyume chake, saratani ambayo bado imo katika tabaka la juu la ukuta wa umio yaweza kubanduliwa kwa vyombo vidogo vinavyopitishwa ndani ya mpira ule ule, kwa ufundi ulioendelezwa sana na madaktari wa Japani, bila kukipasua kifua. Ugonjwa ni ule ule, ila wakati ndio tofauti. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa namna hii mtu hauoni kwa macho, na hapo ndipo shida yote ilipo.

Shida hiyo si ndogo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya umio duniani, na watu wapatao 445,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba kwa kila wagonjwa 10 wapya walioandikwa mwaka ule, walizikwa karibu 9. Nasi hatuko mbali na moto huo. Wataalamu huzungumzia ukanda unaoanzia Ethiopia, ukashuka kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika ya Kusini, ambamo ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingine za bara letu. Malawi imo miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa kabisa duniani. Na katika ukanda huu hushambuliwa hata vijana wa miaka 30, jambo ambalo ni nadra kwingineko.

Sasa, ndugu zangu, tuitazame hiyo nuru yenyewe.

Mwaka 1852 mwanasayansi George Gabriel Stokes, aliyekuwa akifundisha Cambridge, Uingereza, alieleza jambo alilolichunguza katika maji yaliyotiwa kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Maji hayo hayana rangi. Lakini yakipigwa na ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho, iliyo nje ya rangi ya zambarau, hutoa mng'aro wa buluu. Stokes alifafanua kwamba kuna vitu vinavyopokea mwanga wa aina moja na kuurudisha ukiwa na rangi nyingine. Mambo hayo si mageni kwenu. Mwenye duka anapoitilia shaka noti, huiweka chini ya taa yake ya zambarau, na zile nyuzi na alama ambazo mchana hazionekani huwaka mara moja. Noti haikubadilika, alama ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilingoja mwanga unaostahili.

Hatua ya pili ilikuja zaidi ya karne moja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Alexei Ekimov katika Umoja wa Kisovieti na Louis Brus katika Marekani waligundua, kila mmoja kwa upande wake, kwamba vipande vya fuwele vikiwa vidogo kupita kiasi, rangi yake hufuata ukubwa wake. Vilivyo vidogo zaidi hung'aa kwa rangi ya kuelekea buluu, na vilivyo vikubwa zaidi hung'aa kwa rangi ya kuelekea nyekundu, ingawa vyote vimetengenezwa kwa kitu kimoja. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuvitengeneza vikiwa safi na vyenye ukubwa unaolingana. Mabwana hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023.

Udogo tunaousema hapa ni wa namna gani? Kipimo chake huitwa nanomita, nacho ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kuna chembe zing'arazo zenye upana wa nanomita 6 tu. Ukizipanga 1,000 katika mstari mmoja, mstari huo hautafikia upana wa seli moja ya ukuta wa umio.

Lakini kung'aa peke yake hakutoshi. Chembe inayong'aa kila mahali haina habari ya kumpa daktari. Ni lazima ing'ae pale penye ugonjwa tu. Hapo wanasayansi wametumia udhaifu mmoja wa seli ya saratani. Seli hiyo haifanani kabisa na seli nzima. Juu ya utando wake hurundika, kupita kiasi, protini za aina fulani, kwa mfano zile zinazopokea amri ya kukua na kuzaana. Basi mwanasayansi huivika chembe yake kingamwili, au kipande kidogo cha protini, kinachoshikana na alama hiyo na kuziacha nyingine, kama ufunguo unaokubali kitasa kimoja. Nia ni kwamba daktari anyunyizie maji yenye chembe hizo kwenye ukuta wa umio, asubiri kwa muda mfupi, auoshe, kisha aumulike kwa mwanga maalumu. Chembe zilizokosa kitasa zitakuwa zimeoshwa. Zilizokipata zitabaki na kung'aa, na daktari ataona doa ambalo kwa taa ya kawaida angelipita bila kulijua.

Je, haya ni ndoto? Hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kunyunyizia, ndani ya umio wa wagonjwa wenyewe, kipande cha protini kilichobebeshwa rangi ing'arayo, nacho kilionyesha sehemu zilizokuwa zikielekea kwenye saratani. Ile ilikuwa rangi peke yake, haikuwa chembe ya nano. Lakini ilionyesha kwamba njia inapitika. Chembe ya nano inaongeza nguvu, maana moja tu yaweza kubeba molekuli nyingi za rangi, ikatoa mwanga mkali zaidi usiofifia upesi. Nazo chembe zimekwisha kuingia katika mwili wa binadamu. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya majaribio ya chembe zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Cornell, zilizotengenezwa kwa silika, ambayo ni asili ya mchanga na kioo. Zilidungwa kwa wagonjwa 5 wenye saratani ya ngozi iliyokwisha kusambaa, na zikatoka kwa njia ya mkojo bila kuleta sumu iliyoonekana. Kwa umio, hata hivyo, kazi kubwa ya chembe hizi ingali katika maabara, kwenye seli na kwa wanyama. Si kipimo cha kawaida katika hospitali yoyote ambayo mtaajiriwa kesho.

Mtu aweza kuuliza: Je, yafaa kuhangaika na chembe hizi wakati zahanati nyingine zina shida ya mambo madogo zaidi? Ni swali la haki. Jibu langu la kwanza linatoka China. Katika wilaya ya Cixian, jimbo la Hebei, ambako saratani hii ni nyingi mno, wananchi wa vijiji kadhaa wenye umri wa miaka 40 hadi 69 walipimwa mara moja tu. Madaktari waliupaka umio wao dawa ya ayodini, dawa iliyobuniwa na daktari Mfaransa aitwaye Lugol mwaka 1829. Seli nzima zina glaikojeni, yaani wanga wa akiba, nazo hugeuka rangi ya kahawia zikiguswa na ayodini. Seli zilizoharibika zimepungukiwa na akiba hiyo, hivyo hubaki na weupe wake. Waliokutwa na madoa wakatibiwa mapema. Baada ya miaka 10 wananchi hao walilinganishwa na wenzao wa vijiji ambavyo havikupimwa. Katika vijiji visivyopimwa, waliokufa kwa saratani ya umio walikuwa asilimia 5.05, katika vijiji vilivyopimwa, asilimia 3.35. Theluthi nzima ya vifo hivyo iliepukwa kwa kuonekana mapema.

Basi kanuni ya kuipa rangi saratani ili ionekane si ya kubahatisha, maana imekwisha kuokoa watu kwa dawa ya bei nafuu. Lakini ayodini ina kasoro zake. Huunguza kifua cha mgonjwa. Tena haichagui sawasawa, maana mahali penye uvimbe wa kawaida pia huweza kukataa rangi, na daktari akajikuta anakata vinyama vingi vya kupeleka maabara kwa ajili ya doa moja la kweli. Hiyo ndiyo nafasi ya chembe zing'arazo. Hazikuja kuanzisha jambo lisilokuwapo. Zinatarajiwa kuchagua vizuri zaidi pale ayodini inapokosea.

Hata hivyo, ndugu wanafunzi, mtu mwenye elimu hapokei kila kipya kwa makofi. Kuna vikwazo vitatu ambavyo ni lazima tuviseme.

Kwanza, usalama. Nyingi kati ya zile fuwele za mwanzo zilitengenezwa kwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Aidha, chembe zikiingia katika damu, na zikawa kubwa kuliko zile zinazoweza kuchujwa na figo, huelekea kukaa katika ini na wengu, na haifai kumwachia mgonjwa mzigo mpya tukimtafutia wa zamani. Ndiyo maana watafiti wanahimiza silika na vitu vingine visivyo na madini ya sumu, na ndiyo maana kunyunyizia ukutani na kuosha kuna matumaini zaidi kuliko kudunga.

Pili, ukweli wa mng'aro. Ukuta wa umio wenyewe hung'aa kidogo ukimulikwa, ute huweza kuzinasa chembe, na kidonda kisicho cha saratani chaweza nacho kuwa na alama zile zinazotafutwa. Mng'aro, basi, ni wito wa kuchunguza, si hukumu. Hukumu bado itatolewa na mtaalamu aliyekitazama kinyama kwa hadubini. Hospitali yenye taa ya ajabu lakini isiyo na mtaalamu huyo itakuwa inaona bila kujua inachokiona.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka mlichukue mwende nalo, ni suala la kitasa. Saratani ya umio si ugonjwa wa namna moja. Huko Ulaya Magharibi na Marekani aina iliyoshughulisha watafiti kwa miaka mingi ni ile ya seli za tezi, ambayo huja baada ya tindikali ya tumbo kupanda na kuuchoma umio kwa muda mrefu. Majaribio yale ya Michigan yalihusu njia hiyo. Katika ukanda wetu saratani iliyo nyingi ni ya seli bapa, zile zinazotandika ukuta wa umio. Chanzo chake ni kingine, mahali inapoota ni pengine, na alama zake hazilingani zote na za ile ya kwanza. Ufunguo uliochongwa kwa kitasa cha nyumba nyingine hautafungua mlango wetu hata tukiununua kwa bei gani.

Kwa hiyo haitoshi kungoja chombo kikamilike ng'ambo ndipo tukiagize. Wataalamu wetu wa patholojia, wa kemia na wa fizikia hawana budi kuwamo katika kazi hiyo tangu sasa. Vinyama vinavyokatwa kila wiki katika hospitali za ukanda huu, vikihifadhiwa vizuri na kwa ridhaa ya wagonjwa, ndivyo vitakavyoonyesha alama ipi imo kwa wingi katika saratani ya watu wetu, hata ya kijana wa miaka 30. Elimu hiyo ni sharti itoke hapa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe uko hapa.

Tena si lazima nuru hiyo ianzie ndani ya mwili. Tangu katikati ya karne iliyopita, daktari Shen Qiong wa China alitumia puto dogo linalomezwa na kuvutwa nje likiwa limekusanya seli za ukuta wa umio. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Rebecca Fitzgerald wameendeleza kidonge chenye uzi. Kikimezwa huyeyuka na kuwa sifongo, nayo huvutwa nje kwa uzi huo ikiwa na seli. Kazi hiyo aweza kuifanya muuguzi bila ule mpira wenye kamera. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo chembe zing'arazo zingeweza kumfaa mwananchi wa kijijini mapema zaidi: ziwekwe juu ya kioo chenye seli hizo, maabara, wala si kooni mwa mtu. Hofu ya sumu mwilini ingeondoka, na mgonjwa asingelazimika kusafiri hadi mjini ila pale kioo kitakapong'aa.

Nimesema mengi juu ya kesho. Sasa niseme juu ya leo. Tumbaku na pombe ni visababishi vinavyojulikana vya saratani hii. Mwaka 2016 Shirika lile la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio. Kumwambia mtu aiache chai ipoe kidogo hakuhitaji maabara wala fedha za kigeni.

Zaidi ya hayo, kuna kipimo kimoja ambacho hakitengenezwi na kiwanda chochote, nacho ni swali la muuguzi. Mgonjwa wetu yule mkulima alipita zahanati kabla hajauza mbuzi. Alikwenda kwa ajili ya kikohozi, au homa, au kiungulia, naye hakutaja kukwamwa na chakula kwa sababu aliona haya, au aliona ni jambo dogo. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mara nyingi mtu hafichi kwa kutaka, hufichua akiulizwa. Kama angetokea mmoja wenu akamwuliza, "Baba, unameza vizuri? Nyama inashuka? Tangu lini?" na kisha akamwandikia rufaa siku ile ile, miezi mingi ingeokolewa, na pengine maisha.

Nuru kubwa kuliko zote, hata ile iliyopewa Tuzo ya Nobel, haitamtafuta mgonjwa nyumbani kwake. Itamulika koo la yule tu aliyefikishwa mbele yake. Wanasayansi waendelee kuzichonga chembe zao, na wa kwetu wawe miongoni mwao. Ninyi, ndugu wanafunzi, mkishavaa sare na kuketi nyuma ya meza ya zahanati, ulizeni lile swali la kumeza. Liulizeni mapema, wakati mtu bado anakula ugali.